Pinecil V2, Hakko FX-888D na chuma cha kigurudumu: kipi cha kulehemia bodi nyumbani

Chukua bodi ya redio ya zamani. Tafuta mguu wa kapasita ulioshikana na lile eneo pana la shaba linalobeba hasi ya saketi nzima, kisha uuguse kwa chuma cha kulehemu. Chuma kizuri huyeyusha solda ya pale ndani ya sekunde tatu hivi: inang'aa, inatulia, mguu unachomoka bila kung'ang'aniwa. Chuma kibaya hukwama. Solda inalainika upande mmoja tu, ncha inanasa kama mwiko kwenye ugali uliokaza, mkono unaanza kukandamiza, moto unaongezwa, na baada ya nusu dakika kile kiduara cha shaba kinabanduka kwenye bodi na kubaki kinaning'inia. Wengi hapo husema wati hazikutosha, wakaenda kununua chuma cha wati mia. Hela hiyo inapotea. Kinachokosekana mara nyingi ni joto linalorudi upesi ncha inapopozwa, umbo sahihi la ncha, na solda ambayo haijachakachuliwa.

Vyuma vinavyopimwa hapa ni vya aina tatu, kwa sababu ndivyo mtu anayejifunza elektroniki nyumbani hujikuta akivilinganisha: kile cha bei nafuu chenye kigurudumu kwenye mpini, stesheni ya mezani ya Hakko pamoja na nakala zake, na Pinecil V2 inayotumia umeme wa USB-C. Usalama umechanganywa humo humo, maana chuma kisicho salama hakiwezi kuitwa kizuri hata kikiyeyusha vipi.

Chuma cha kigurudumu

Hiki kipo kila mahali, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue. Mpini wa plastiki, mara nyingi wa bluu au mwekundu, umeandikwa 60W, na kigurudumu kidogo chenye namba kutoka 200 hadi 450. Mnunuzi anaamini kuwa akiweka 350, ncha itakuwa na nyuzi 350. Katika vingi vya vyuma hivi haiko hivyo. Ndani hakuna kitu kinachopima joto la ncha. Kigurudumu kinapunguza umeme unaokwenda kwenye hita, kama kile cha kupunguza kasi ya feni ya dari. Kikiwa kimekaa bila kazi kinaweza kufika 400 na kuunguza ncha, na kikigusa shaba pana kinaporomoka, kwa kuwa hakijui kama kimepoa.

Tena kinafuata hali ya umeme wa mtaani. Nguvu ya hita hupanda na kushuka kwa mraba wa volti: chuma cha wati 60 kwenye volti 230, umeme ukishuka hadi 200, kinabaki na wati kama 45. Jioni ambapo kila nyumba imewasha jiko na pasi, chuma kile kile kilichofanya kazi asubuhi kinageuka mzigo.

Kinafaa kuunganisha nyaya za spika, kubadilisha swichi, kuweka rezista kwenye bodi ya mazoezi. Ukikichukua, chagua chenye waya wa nyaya tatu ndani yake na plagi ya pini tatu za chuma, na kinachopokea ncha za aina ya 900M, kwa sababu hizo zinapatikana kirahisi na kwa maumbo mengi. Chenye plagi ya pini mbili kiache dukani. Ncha yake haina erthi, na hita ikipasuka ndani hakuna kinachouzuia umeme wa volti 230 kufika kwenye bodi au kwenye kidole chako.

Hakko FX-888D na wanaoiiga

Hakko ni kampuni ya Osaka, Japani, na stesheni yake ya 936 ni miongoni mwa zilizonakiliwa sana. FX-888D ni mrithi wake: wati 70, joto hadi nyuzi 480, hita ya kauri yenye kipima joto ndani yake, na kitako kizito ambacho hakitambai mezani unapovuta waya. Transfoma iliyo ndani inatenganisha mpini na umeme wa ukutani, mpini wenyewe unapata volti 26 tu, na ncha imeunganishwa na erthi. Unaweka 330, inakaa karibu na 330. Ukigusa shaba pana inashuka kidogo na kupanda tena kabla hujakata tamaa.

Kasoro yake kubwa ni vitufe viwili. Kubadilisha joto kunataka kubonyeza na kushikilia kwa mpangilio fulani, na asiyezoea anaweza kujikuta ameingia kwenye kurekebisha kipimo badala ya kuweka joto. Toleo la karibuni, FX-888DX, limeleta kitufe cha kuzungusha na kero hiyo imekwisha. Kasoro ya pili ni bei, ambayo ni mara kadhaa ya Pinecil. Lakini ncha za T18, hita na hata mpini vinauzwa kimoja kimoja, kwa hiyo kikiharibika kitu unabadilisha hicho tu.

Jambo moja limewaunguza wengi: stesheni iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani. Ile ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 au 240 ya kwetu, transfoma inakwenda na harufu yake. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kufungua hata mfuko wa waya. Kama ni ya 120, inahitaji kishusha volti chenye uwezo wa angalau wati 100, na hata hivyo itapata moto kidogo zaidi kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na wa kule ni 60. Bora umwambie ndugu atafute toleo la volti 230.

Sasa nakala. Zipo nakala za 936 zinazofanya kazi vizuri na zipo zilizofungwa kizembe, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Multimita ya bei ya chini inatosha kuzikagua. Stesheni ikiwa haijachomekwa popote, weka multimita kwenye omu na gusanisha vijiti vyake kwanza, ukumbuke namba inayoonekana. Hiyo utaitoa kwenye kila kipimo. Gusa pini ndefu ya erthi kwenye plagi na skrubu ya kasha la chuma: isizidi omu 1. Kisha pini hiyo hiyo na ncha ya chuma cha kulehemu: isizidi omu 2. Ikionyesha mistari au OL, ncha inaelea bila erthi. Halafu badilisha kwenye kipimo cha juu kabisa cha omu, washa swichi ya stesheni bila kuichomeka, upime kati ya pini ya moto na pini ya erthi. Hapo pasionekane njia yoyote.

Ukiweza kufungua kasha, angalia mambo matatu. Fyuzi na swichi ziwe kwenye waya wa moto. Zikiwekwa kwenye waya wa nyutro, ukizima taa inazimika lakini umeme bado umo ndani hadi kwenye transfoma. Waya wa erthi uwe umefungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, maana rangi haipitishi umeme, na kosa hili ni la kawaida mno. Na waya wa ukutani uwe umebanwa mahali unapoingilia, usishikiliwe na solda peke yake. Haya yote yanarekebishika kwa nusu saa na bisibisi, na stesheni iliyorekebishwa hivyo inaweza kutumika miaka.

Mwisho kwenye nakala, tikisa ncha. Ikicheza juu ya hita ya kauri, kuna hewa katikati, na hewa haipitishi joto. Kioo kitasema 350 huku ncha ikiwa na 290. Ncha inayokaza vizuri, hata ikigharimu zaidi kidogo, huponya stesheni iliyodhaniwa mbovu.

Pinecil V2

Hiki ni kijiti chepesi cha kampuni ya Pine64, walichokuwa wakikiuza wenyewe kwa karibu dola 26 kabla ya usafiri kilipotoka mwaka 2022. Hita na kipima joto vimo ndani ya ncha yenyewe, hivyo hakuna pengo la hewa la kuhangaika nalo, na umbali kutoka vidole hadi ncha ni mfupi, jambo linalomfanya mwenye mkono wa kutetemeka alehemu kama anayeandika kwa kalamu. Programu yake, IronOS, ni huria na inaendelea kuboreshwa. Kina kihisi cha mtikisiko: ukikiweka chini kikatulia, kinajishusha joto chenyewe, na ukikishika kinaamka. Kwangu hiki ni kipengele cha usalama kuliko cha starehe. Weka kilale kwenye nyuzi 150 baada ya dakika mbili au tatu, na kizime kabisa baada ya dakika kumi.

Wanaokilalamikia kuwa hakipati moto karibu wote wanakosea kwenye chaja. Hesabu ni rahisi: wati ni volti mara volti, gawanya kwa omu za hita. Ncha fupi ya Pinecil ina omu 6.2. Chaja ya simu inayotoa volti 9 inaipa wati 13, ambazo ni za kupasha tu. Volti 12 zinatoa wati 23, na hizo zinatosha rezista na transista ndogo. Chaja ya laptopu ya USB-C yenye PD (Power Delivery, mfumo wa chaja na kifaa kukubaliana volti) ya volti 20 inatoa wati 64, na hapo ndipo chuma kinapoonyesha kilivyo: kinafika 320 kwa takriban sekunde kumi. Ncha ndefu za aina ya TS100 zina omu 8, kwa hiyo kwa volti 20 zile zile zinapata wati 50. Kabla ya kununua, soma maandishi madogo ya chaja na utafute 20V. Chaja iliyoandikwa 65W lakini ambayo inaishia volti 12 kwenye tundu la USB-C haitakusaidia.

Kwa nyumba zenye sola hiki ni chuma cha pekee. Kina tundu la duara la 5.5 kwa 2.5 milimita linalopokea volti 12 hadi 24. Betri ya volti 12 kwenye kidhibiti cha sola itafanya kazi nyepesi. Mfumo wa volti 24, hakikisha kwanza kwamba betri ikiwa inachajiwa volti hazipiti 24, maana betri za mfumo huo hupanda hadi 28 na zaidi jua likiwaka. Weka kishusha volti katikati, ukipange kwenye 20.

Kuna kitu kimoja kinachohitaji kufanyiwa kazi na mnunuzi mwenyewe, nacho ni erthi. Chaja nyingi za plagi yetu ya pini tatu zina pini ya juu ya plastiki. Iangalie kwa karibu: haina mng'ao wa chuma, kazi yake ni kufungua vifuniko vya soketi tu. Chaja ya namna hiyo haina erthi, na kapasita ndogo iliyo ndani yake huiacha ncha ikielea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo sana, hauui. Utauhisi kama mtekenyo ukipitisha upande wa mkono kwenye chuma cha ncha iliyopoa. Lakini transista za aina ya MOSFET na vihisi vingi vinaweza kufa kwa kidogo hicho. Ndiyo sababu nyuma ya Pinecil kuna mahali pa kufungia waya wa erthi. Funga waya mwembamba hapo, upande wa pili uufikishe kwenye erthi ya kweli ya soketi, au tumia chaja ya laptopu yenye pini ya chuma na multimita imethibitisha kwamba erthi inafika kwenye ncha. Ukitumia pawabanki tatizo hili halipo.

Kingine: hakiji na kikalio, hakiji na chaja, na ncha inayokuja nayo ni ya mchongoko. Kwa hiyo bei halisi ni chuma, kikalio, ncha bapa moja, na waya wa USB-C wa silikoni. Waya wa plastiki wa kawaida ukigusa ncha unayeyuka hadi kwenye shaba, na ugumu wake unauzungusha mpini mkononi kama mkia wa mnyama asiyetaka kushikwa. Zipo pia Pinecil bandia. Pine64 wameweka njia ya kuhakiki namba ya kila V2, itumie siku unayopokea.

Kama tayari nyumbani kuna chaja ya PD ya volti 20, nunua Pinecil. Kama una meza ya kudumu na kazi ya kila siku, FX-888D itakutunza miaka mingi. Chuma cha kigurudumu kiwe cha nyaya nene na cha kuazima.

Ncha ndiyo inayofanya kazi

Wanaoanza hupenda ncha nyembamba ya mchongoko kwa kuamini kuwa kazi ndogo inataka ncha ndogo. Mchongoko unagusa pedi, kile kiduara cha shaba, kwa nukta moja, na joto halina pa kupita. Ncha bapa kama ya bisibisi, yenye upana wa milimita 2.4, inalaza uso wake mzima kwenye pedi na mguu kwa wakati mmoja. Hiyo moja itafanya kazi karibu zote za nyumbani. Ya pili, ukipata nafasi, iwe ya kisu kwa kuburuta solda kwenye miguu ya IC (chipu).

Ncha ya kisasa ni shaba ndani, imevishwa tabaka jembamba la chuma kwa nje, kwa sababu solda inaila shaba kama chumvi inavyoyeyuka majini. Hapo ndipo tabia ya kupiga msasa na tupa inapoharibu. Tabia hiyo haikuzuka bure: vyuma vya zamani vilikuwa na ncha ya shaba tupu, na kuzichonga upya ndiko kulikuwa matunzo yake. Fundi aliyejifunzia kwenye hizo akashusha desturi hiyo hiyo kwa wanafunzi wake. Kwenye ncha iliyovishwa, mara ya kwanza ya tupa ndiyo ya mwisho. Ndani ya siku chache shimo linatokea na ncha inaliwa kutoka ndani.

Ncha ikiwa nyeusi na solda inaikimbia kama maji juu ya jani la mgomba, shusha joto hadi 270, ichovye kwenye flaksi (dawa inayosafisha chuma ili solda ishike), ivishe solda nyingi, isugue kwenye nyuzi za shaba ya manjano zilizosokotwa kama stilwaya, na urudie mara tano sita. Nyingi hurudi. Ili isifike huko, ivishe solda nene kila unapoizima. Watu huifuta ikawa safi kisha huizima, na ule usafi ndio unaoshika kutu.

Sponji nayo inafaa, ila iwe imekamuliwa hadi isidondoshe. Na kwa wanaoishi Pwani: maji ya kisima yana chumvi, na chumvi inakula ncha. Tumia maji safi yasiyo na madini yanayouzwa kwa kuongeza betri za gari, ukihakikisha chupa ni ya maji na siyo ya asidi.

Kuhusu joto, solda yenye risasi inataka 320 hadi 350, isiyo na risasi 350 hadi 380. Kupandisha hadi 420 kunakausha flaksi kabla haijasafisha kitu, na gundi inayoshikilia pedi kwenye bodi inaachia. Mguu usioyeyuka kwa 350 unataka ncha pana zaidi, au solda mpya kidogo iongezwe juu ya ile ya zamani ili joto lipate daraja.

Solda na flaksi

Hapa ndipo mahali pa kutoa hela bila kuumia. Solda ya 63/37, yaani bati asilimia 63 na risasi 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183 na kuganda papo hapo, bila kupitia hali ya uji. Ya 60/40 inakaribiana nayo, ila ina kipindi kifupi cha uji, na kiungo kikitikiswa wakati huo kinakuwa na ufa usioonekana. Zisizo na risasi, kama SAC305, zinaanza kuyeyuka kwenye 217 na kuendelea; ndizo zinazotumika kwenye vifaa vya viwandani tangu sheria ya Umoja wa Ulaya ilipoanza kutumika Julai 2006. Kwa mazoezi ya nyumbani 63/37 ya milimita 0.8, yenye flaksi ya utomvu wa msonobari ndani, ndiyo inayosamehe makosa.

Lakini bati ni ghali na risasi ni rahisi, kwa hiyo kuna makoli yaliyoandikwa 63/37 ambayo ndani yake risasi ndiyo nyingi. Ukiwa na chuma kinachodhibiti joto, ni rahisi kuyabaini. Weka 215, acha chuma kitulie, gusa waya kwenye ncha safi. 63/37 ya kweli itayeyuka ikatiririka. Yenye bati 40 tu haimiminiki kikamilifu mpaka karibu nyuzi 238, kwa hiyo itabaki uji mzito wa kijivu unaovutika nyuzi nyuzi. Angalia pia tone likiganda: la kweli linang'aa, lililochakachuliwa linafifia na kuwa na chembechembe.

Flaksi inataka umakini zaidi. Ile ya mafundi bomba, na ile asidi ya mafundi bati wanaotengeneza majiko na makarai, ni nzuri kwa kazi yao na ni sumu kwa bodi. Ina kloridi ya zinki. Kiungo kitang'aa leo, na baada ya miezi michache, hasa kwenye unyevu wa Mombasa au Tanga, kutakuwa na ukungu wa kijani na njia za shaba zimekatika. Soma kopo: ukiona zinc chloride au ammonium chloride, lirudishe. Tafuta iliyoandikwa RMA au no-clean. Kopo lisilo na maandishi ya viambato, chukulia ni la bomba.

Masalio yasafishwe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na mswaki wa zamani. Chuma kizimwe na kipoe kwanza. Mvuke wa spiriti unawaka, na chuma cha nyuzi 350 hakipaswi kuwa meza moja na chupa iliyo wazi.

Moshi, risasi na moto

Watu wengi wanauogopa moshi kwa sababu wanadhani ni risasi. Risasi huchemka karibu nyuzi 1,749, na kwa joto la kulehemu haitoi mvuke wa kutisha. Moshi ule mweupe ni flaksi inayoungua, na madhara yake ni mengine: moshi wa utomvu wa msonobari unajulikana kusababisha pumu kwa wanaouvuta kila siku kazini, na pumu hiyo ikishaanza, hata moshi kidogo huiamsha. Solda isiyo na risasi haikuepushi na hilo, kwani inatumia joto zaidi na flaksi kali zaidi.

Kifaa kidogo cha kunyonya moshi chenye kichujio cha mkaa kinasaidia kikiwa sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye kiungo. Kikikaa nusu mita, moshi unapita puani kwanza. Njia nafuu ni feni ya kompyuta ya milimita 120 ya volti 12, imewekwa upande wa dirisha, ikivuta hewa kutoka kwako kwenda nje. Isipulize juu ya bodi, itapoza kiungo. Barakoa ya hospitali hapa haifanyi kazi yoyote. Na uinamishe kichwa pembeni: moshi hupanda wima, na anayechungulia kiungo kwa juu ndiye anayeumeza.

Risasi inaingia kwa mkono na mdomo. Ukilehemu, usile karanga, usishike sigara, usibane waya wa solda kwa meno ukitafuta mkono wa tatu. Tabia hiyo ipo na inashangaza ilivyo ya kawaida. Ukimaliza nawa kwa sabuni, futa meza kwa kitambaa kibichi wala usifagie, na meza hiyo isiwe ya chakula. Watoto wadogo na wajawazito wakae mbali na vumbi lake, kwani hata kiasi kidogo sana cha risasi kinaathiri ubongo unaokua.

Miguu ya vipuri ikikatwa huruka kwa kasi. Ishike kwa kidole unapokata, na vaa miwani, hata ya kawaida. Usilehemu ukiwa na ndala: tone la solda huangukia kati ya vidole na kunasa hapo. Nguo ya pamba ni bora kuliko nailoni, ambayo huyeyukia kwenye ngozi. Chuma kikianguka, kiache kianguke. Mkono unaokidaka hukidaka kwenye ncha.

Plagi ya pini tatu hutoka dukani na fyuzi ya ampea 13. Chuma cha wati 60 kinakula robo ampea. Weka fyuzi ya ampea 3, waya ukipigwa shoti ikatike mapema kabla haujawaka.

Anayefungua chaja, taa au televisheni akumbuke kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani: inashika volti karibu 325 hata baada ya kuchomoa. Isipigwe shoti kwa bisibisi. Tumia rezista ya omu 2,200 ya wati 5 iliyovishwa bomba la plastiki, iguse miguu miwili ya kapasita kwa sekunde tano, kisha pima kwa multimita hadi isome chini ya volti 5. Betri za lithiamu za 18650 zisilehemiwe moja kwa moja. Joto linaharibu muhuri wa ndani, na betri inaweza kuvuja au kuwaka siku nyingine kabisa. Nunua zenye vipande vya nikeli vilivyokwisha kuchomelewa, ulehemu kwenye nikeli mbali na betri.

Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, mara moja. Dawa ya meno, mafuta, ute wa yai na barafu vinafungia joto au vinajeruhi zaidi. Pete itolewe kabla ya uvimbe. Lengelenge lisipasuliwe, na jeraha kubwa kuliko kiganja, au la usoni, au la jicho, liende hospitali.

Mabaki ya solda, ile michirizi ya kwenye sponji na vipande vya waya, yawekwe kwenye kopo lenye kifuniko. Yasitupwe kwenye shimo la taka linalochomwa uani, na mvuvi akiyaomba ayayeyushe kutengeneza chubwi za nyavu, asipewe. Kopo likijaa lipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki pamoja na bodi mbovu.